Joto na Wasaidizi wa Mwili: Somo kwa Wenye Ugonjwa wa Sukari na wa Moyo

Leo tujifunze juu ya joto. Tunaanza na swali ambalo wagonjwa wa sukari na wa tansio hutuletea mara nyingi, hasa wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba. Wanasema: "Nikijifunika blanketi na kujifukiza kwa mvuke wa majani, jasho linatoka, na mwili unakuwa mwepesi. Je, sasa naweza kuacha vidonge?" Wengine hawaulizi. Wanaacha tu, halafu tunawapokea wakiwa wamebebwa.

Swali hili si la kipumbavu. Joto lina kazi kweli katika mwili, na wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi. Lakini mtu aliyejua nusu ya jambo aweza kuumia kuliko yule asiyejua kitu. Basi tusome polepole, tena mpaka mwisho.

1. Yai katika sufuria

Mama, wewe unajua kupika yai. Kabla ya kuliweka motoni, ute wake ni mwepesi kama maji. Likipata moto, ute unakuwa mweupe na mgumu. Hata ukilipoza, haurudi kuwa kama mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu ute wa yai una protini nyingi. Kila protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa vizuri, na kwa kukunjwa huko inaweza kufanya kazi yake. Moto unaufungua mkunjo, na nyuzi zinashikana ovyo, kama wavu uliochanganyikana.

Mwili wetu pia una protini nyingi. Zimo katika misuli, katika damu, katika moyo. Kila chembe ya mwili, ijapokuwa ni ndogo hata jicho haliioni, ina protini za namna nyingi sana. Homa ikipanda, au ukilima juani siku nzima, baadhi ya protini hizo huanza kufunguka. Basi mbona hatuivi kama yai? Sababu moja ni kwamba kila chembe ina wasaidizi.

2. Mashemasi wa chembe

Fikiri kanisa siku ya sikukuu kubwa. Watu wamejaa, mabenchi yanaanguka, watoto wanapotea. Mashemasi wanainuka. Huyu wanamshika mkono na kumketisha, yule aliyezimia wanamtoa nje. Siku ya kawaida mashemasi wachache wanatosha. Siku ya msongamano lazima waitwe wengine.

Katika chembe, wasaidizi hao ni protini pia. Wataalamu wanaziita protini za mshtuko wa joto. Zinaishika protini iliyofunguka, zinaipa nafasi ya kujikunja tena, na ile iliyoharibika kabisa zinasaidia ipelekwe kuvunjwa.

Nani anawaita wasaidizi wengine? Kila chembe ina mlinzi wake. Wakati wa utulivu, wasaidizi wenyewe wanamshika mlinzi asipige kelele. Uharibifu ukizidi, wanamwachilia na kukimbilia kazi. Naye akiwa huru anaingia katika kiini cha chembe na kutoa amri: "Wasaidizi wengine watengenezwe!" Kazi ikiisha wanarudi kumshika, naye ananyamaza.

Jambo hili liligunduliwa bila kutazamiwa. Mtaalamu wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza inzi wadogo wa matunda katika mji wa Naples. Siku moja mtu mwingine aliongeza joto la sanduku walimowekwa inzi wale. Ritossa alipotazama chembe zao kwa hadubini, aliona sehemu fulani za nyuzi za urithi zimevimba, kama mahali palipoamka kufanya kazi. Akaandika habari hiyo mwaka 1962. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba inzi waliopata joto hutengeneza protini za pekee. Tangu hapo wasaidizi hao wameonekana katika mimea, katika wanyama, na katika mwanadamu.

Shika neno moja hapa, maana tutalirudia: mlinzi haamshwi na joto peke yake. Anaamshwa pia na ukosefu wa hewa safi katika chembe, na misuli inapofanya kazi kwa nguvu.

3. Wasaidizi na ugonjwa wa sukari

Tukila bukari, inageuka kuwa sukari katika damu. Insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango wa misuli ili sukari iingie. Katika ugonjwa wa sukari unaowapata hasa watu wazima, ufunguo upo, lakini kitasa kimejaa tope. Sukari inabaki nje, katika damu, na polepole inaharibu mishipa, macho, figo, na miguu. Sehemu ya tope hilo hutoka katika mafuta yaliyozidi mwilini, yanayowasha chembe kama moto mdogo usiozimika.

Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba walipima misuli ya watu wenye ugonjwa huu, wakaona msaidizi mmoja mkubwa amepungua ndani yake. Na kadiri alivyopungua, ndivyo insulini ilivyoshindwa kazi. Mwaka 2008 wengine walionyesha kwamba panya walioongezewa msaidizi huyo katika misuli hawakuharibika sana, hata walipolishwa mafuta mengi. Basi ndugu, ona shida hii: ugonjwa unawapunguza wasaidizi, na wasaidizi wakipungua, ugonjwa unapata nguvu. Ni kama nyumba inayovuja na fundi wake mgonjwa.

Je, joto laweza kusaidia? Mwaka 1999 munganga Philip Hooper wa Colorado, Marekani, aliandika habari za wagonjwa wake 8. Waliketi katika maji ya moto mpaka mabegani, dakika 30 kila siku, siku 6 kwa juma, majuma 3. Kwa wastani sukari yao ya asubuhi ilishuka kutoka 182 hadi 159. Hiyo ni habari njema, lakini isome vizuri. Watu 8 ni wachache. Hata baada ya kushuka, sukari yao ilikuwa bado juu. Tena walitunzwa na munganga, na mmoja wao ilibidi apunguziwe insulini, sukari yake isije ikashuka mno. Hooper hakuwaambia waache dawa.

4. Wasaidizi na moyo

Moyo haupumziki. Mshipa unaoulisha ukizibwa, nyama ya moyo inakosa hewa safi, na protini zake zinaharibika upesi. Hapo wasaidizi wanahitajiwa sana.

Mwaka 1988 mtaalamu R. William Currie na wenzake waliwapasha panya joto la digrii 42 kwa dakika 15. Baada ya saa 24 waliichukua mioyo ya panya hao, wakaikatia mkondo uliokuwa ukiilisha, kisha wakaurudisha. Mioyo ya panya waliokuwa wamepashwa joto ilirudia kazi vizuri kuliko ya wenzao. Wasaidizi walikuwa wameitwa mapema, nao walikuwa tayari.

Katika nchi ya Ufini watu wana desturi ya kuketi katika chumba cha joto kikali, kisha wanatoka kupoa. Munganga Jari Laukkanen na wenzake waliwafuatia wanaume 2,315 kwa muda wa miaka 20 hivi, wakatoa habari mwaka 2015. Walioingia chumba hicho mara 4 hadi 7 kwa juma walikufa ghafula kwa moyo wachache kuliko walioingia mara 1. Lakini kumbuka: yawezekana kwamba wenye afya ndio wanaopenda kwenda mara nyingi. Habari hiyo ni ya kutia moyo, lakini si ushahidi uliokamilika.

5. Si kila joto ni rafiki

Sisi watu wa Likasi tunalijua joto. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo zamani sana, kabla ya viwanda kuja. Mhunzi yeyote atakuambia: moto wa kiasi unatengeneza jembe, moto uliozidi unaliharibu. Ndivyo ilivyo kwa mwili. Wasaidizi huamka joto la mwili likipanda kidogo, kisha likashuka. Likifika digrii 40 na zaidi, na mtu akaanza kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka, huo ni ugonjwa wa joto, nao unaua. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, na uite msaada upesi.

Kwa hiyo, baba unayechimba katika shimo lenye joto bila maji ya kunywa, usijidanganye kwamba kazi hiyo ni dawa ya moyo wako. Jasho linatoka, maji yanapungua katika damu, na moyo unapiga mbio kama mtu anayefukuzwa. Wasaidizi hawana nafasi ya kumaliza kazi yao.

Na hapa niseme juu ya Shinkolobwe, maana wengine wanachanganya mambo mawili. Mawe ya huko yaligunduliwa mwaka 1915, na uraniamu iliyotoka humo iliingia katika mabomu yaliyoangushwa Japani mwaka 1945. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji mahali pale. Mawe hayo hutoa mionzi. Mionzi si joto ninalofundisha hapa. Huioni, huisikii ngozini, wala haina harufu, lakini inavunja maandishi ya urithi katika chembe, na mavumbi yake huingia mapafuni. Mtu asilete jiwe la Shinkolobwe nyumbani akidhani litampasha mwili nguvu.

6. Mahali watu wanapoumia

Mama mmoja alikuja kwetu na miguu imefungwa vitambaa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi. Alisikia kwamba maji ya moto yanasaidia damu kutembea, akatia miguu katika beseni. Hakusikia maumivu yo yote, akafurahi. Binti yake ndiye aliyeona ngozi inatoka. Mishipa ya fahamu ya miguu ilikuwa imekufa kwa sababu ya sukari, kwa hiyo miguu haikuweza kumwonya. Kidonda kile kilichukua miezi mingi, na vidole viwili havikupona. Aliniambia, "Mwanangu, ningejua, ningemwita mtoto ayapime maji." Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

Angalia na hatari nyingine:

Mbabula. Wakati wa baridi, au wakati wa kujifukiza, watu huingiza mbabula ya makaa ndani ya chumba na kufunga mlango na dirisha. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala wala hawaamki.

Insulini. Joto linafanya insulini iliyochomwa iingie katika damu upesi. Sukari yaweza kushuka ghafula, ukatetemeka na kuzimia.

Dawa za tansio. Joto linapanua mishipa, na damu inashuka. Ukiongeza vidonge juu yake, waweza kuanguka unaposimama.

Pombe. Lutuku na joto havipatani kamwe.

7. Basi tufanye nini?

Kwanza, usiache dawa zako. Joto halijachukua mahali pa kidonge hata kimoja.

Pili, uamshe wasaidizi kwa njia iliyo salama kwa watu wengi, nayo ni kutembea na kufanya kazi. Umekumbuka? Misuli ikifanya kazi kwa nguvu, mlinzi anaamka. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Kulima bustani ni dawa. Kama miguu imekufa ganzi, vaa viatu vilivyofungwa na uitazame miguu kila jioni. Kama kifua kinauma ukitembea, simama, kisha njoo hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, kama wapenda kuoga maji ya moto, yawe ya vuguvugu nzuri tu. Mtu mwingine ayapime kwa kiwiko. Kunywa maji safi kabla na baada. Inuka polepole. Kizunguzungu kikija, toka.

Nne, wasijipashe joto kwa mvuke wala maji ya moto: mwenye homa, mwenye kidonda, mama mwenye mimba, aliyepata maumivu ya kifua karibuni, na mwenye moyo uliochoka mpaka miguu inavimba, isipokuwa munganga wake amemruhusu.

Tano, ukiwa unajifukiza, tuambie. Hatutakugombeza. Tutapima tansio na sukari yako, na kuangalia dawa zako pamoja nawe. Aliyenyamaza ndiye tusiyeweza kumsaidia.

Muumba ameweka wasaidizi ndani yako kabla hujawajua. Wewe usiwazidishie kazi, wala usiwanyime nafasi ya kuifanya.

Maswali ya kujifunza nyumbani

1. Kwa nini yai lililoiva halirudi kuwa bichi, lakini mtu aliyepata homa anapona?
2. Nani anaamsha wasaidizi wa chembe, na mambo gani matatu yanamwamsha?
3. Ugonjwa wa sukari unawafanyia nini wasaidizi hao?
4. Kwa nini mwenye ugonjwa wa sukari asipime maji ya moto kwa mguu wake?
5. Mionzi ya mawe ya Shinkolobwe ni tofauti na joto kwa namna gani?
6. Nyumbani kwenu, mbabula inawekwa wapi usiku? Jibu kwa kwenda kutazama.