Dondoo muhimu: Uzamili wa masomo ya makuzi na familia, Meru na Embu

Kabla ya kulipa ada ya maombi ya masomo haya, yawe somo lako kuu au la ziada, pitia orodha hii.

1. Ulizia Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya (KeMU) mjini Meru, Chuo Kikuu cha Meru kule Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu. Usidhani kila chuo kina kozi unayoitaka.

2. Hakikisha programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

3. Somo la ziada? Pata idhini ya idara zote mbili kwa maandishi kabla ya kujisajili.

4. Shahada ya ng'ambo? Anza mapema kuomba utambuzi wake rasmi.

5. Linganisha majina kwenye kitambulisho, cheti na nakala ya matokeo. Herufi moja ikitofautiana, faili hukwama.

6. Lipa karo kwenye akaunti rasmi, kamwe usimpe wakala pesa mkononi.

7. Usisubiri muhula wa mwisho kutafuta msimamizi wa tasnifu.

8. Usikusanye data kabla ya kupata kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Kisha piga hodi kwa ofisi za kaunti na chifu.

9. Kwa utafiti juu ya watoto, pata ridhaa ya mzazi au mlezi, na umuulize mtoto mwenyewe.

10. Tafsiri hojaji kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na uijaribu kwa watu wachache kwanza.

11. Usipange mahojiano siku ya kuchuma majani chai: utakuta nyumba tupu.