Sauti za madrasa na kifua kikuu

Wako wanaodhani kwamba mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu huambukiza anapokohoa tu. Si hivyo. Mtu anapozungumza, ute wa kooni na mdomoni hukatika vitone vidogo mno vikatoka na pumzi, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo vitone vinavyozidi. Vikubwa huanguka karibu na msemaji. Vidogo hukauka, vikaelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa, na humo ndimo vinamosafiri vijidudu ambavyo Robert Koch alivitangaza mjini Berlin mwaka 1882.

Sasa zitazameni madrasa zetu. Chumba kimoja, dirisha moja (nalo limezibwa kwa ajili ya vumbi), watoto wamebanana wakiitikia kwa sauti ya juu. Mimi nasomesha dini, sitasema watoto wasome kimya. Nasema dirisha lizibuliwe.

Machi 10, 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa 2 na nusu, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Wagonjwa wa UVIKO-19 walifikia 53, na wawili wakafariki. Maradhi ni mengine, njia ni ile ile ya hewa.

Nimewasikia masheikh wakijibu kuwa Mtume (s.a.w.) alikanusha maambukizi. Ni kweli, hadithi ni sahihi. Lakini katika mapokezi ya Bukhari, hadithi hiyo hiyo inaamrisha kumkimbia mwenye ukoma, na nyingine inakataza ngamia wagonjwa kuletwa kwa wazima. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya kijahiliya kwamba ugonjwa huhama kwa nguvu zake wenyewe bila ya qadari ya Allah (s.w.). Na Abu Hurayra (r.a.) amepokea kuwa Mtume alipopiga chafya alifunika uso na kupunguza sauti. Kwa nini afunike?

Basi ustadhi aliyekohoa wiki mbili akapime makohozi. Tanzania dawa zake hutolewa bure, kwa kawaida miezi 6, na hatari ya kuambukiza hushuka haraka akianza kuzinywa. Lakini wengi huficha, maana asiposomesha, ada za watoto hazimfikii, na nyumbani wanasubiri unga. Hapa nawageukia wajumbe wa kamati za misikiti: mlipeni posho yake akiwa kitandani, mpaka daktari amruhusu kurudi darasani.