Marhamu Kabla ya Maziko
Andiko la somo: Marko 14:3-9

Somo hili lilinichoma mimi kwanza kabla sijalileta kwenu.

Mwaka juzi mimi na akina mama watatu wa ushirika wa nyumbani tulienda Kayole kumwona mama mwenye saratani ya matiti. Madaktari walikuwa wamesema hakuna tena matibabu ya kuiondoa. Tuliingia kwa kishindo kama kawaida yetu. Tukaomba, tukakemea, tukamwambia aamini tu. Tulipomaliza akaniuliza polepole, "Mama Pasta, kwa hivyo nikifa, itakuwa ni kwa sababu sikuamini?"

Nilisema maneno fulani, lakini jibu sikuwa nalo.

Tukiwa bado hapo, muuguzi wa hospisi akaingia. Akakaa kitandani, akamwuliza, "Leo unataka nini, mama?" Akajibu kwamba miguu imekauka na kupasuka, anaona haya ikionekana. Muuguzi akatoa mafuta ya kujipaka, akamkanda miguu yote miwili bila haraka. Yule mama akalala usingizi mbele yetu.

Sasa soma Marko. Marhamu ile ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku nzima (Mathayo 20:2). Yaani karibu mshahara wa mwaka! Watu wakanung'unika, ati hasara. Lakini Yesu alikuwa anaenda kufa, na huyu mwanamke akaugusa mwili wake mapema kwa ajili ya maziko. Hakuuzuia msalaba. Hata hivyo Bwana aliliita tendo lake jema. Mimi bado naamini uponyaji na ninauomba. Ila nimejua kuna huduma nyingine, na tulikuwa tumeiruka.

Wengi husikia hospisi wakafikiri ni nyumba ya kungojea kifo. Sivyo. Daktari Cicely Saunders, Mkristo aliyeanza kama muuguzi, alifungua St Christopher's kule London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya familia na ya roho. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na wagonjwa wengi hutembelewa wakiwa kwao nyumbani. Wengine hupewa mofini ya maji ya kunywa. Kuinywa si kukosa imani, jameni.

Siku hizi tunaenda wawili wawili, si kumi. Tunauliza kabla ya kuomba. Dawa hatugusi, hiyo ni kazi ya muuguzi. Tunafua shuka, tunaweka maua kwenye mkebe mahali anapoweza kuyaona, tunamfunga leso safi. Akichoka tunaondoka. Na siri yake haiji kanisani kama ombi la maombi bila ruhusa yake.

Yule mama nilimrudia wiki iliyofuata, nikamwuliza swali la muuguzi. Akataka rangi ya kucha. Nyekundu! Mnajua msimamo wetu hapa kanisani. Nilisita, kisha nikaenda dukani nikanunua. Nilimpaka vidole vyote kumi, mkono wangu ukitetemeka kuliko wake, naye akawa anainua vidole kwenye mwanga wa dirisha, anacheka.

Alizikwa nayo. Kwenye matanga dada mmoja akauliza ni nani aliyempaka vile. Nikamwambia ni mimi.