Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Gari likigoma kuwaka asubuhi, majirani wana jibu moja: "Betri imekufa." Betri mpya inafungwa, gari linawaka, na baada ya wiki mbili linagoma tena. Betri ni simtanki, altaneta inayoichaji ni pampu. Pampu ikisimama, utabadilisha simtanki mpaka uchoke na maji yatakwisha tu. Dereva wa Mwanza, vidokezo hivi vitakuokolea fedha.

1. Miliki mita. Ile ndogo ya kidijitali ni rahisi mno ukilinganisha na betri. Iweke kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, upime asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, 12.0 inakaribia kuisha. Mwenzako apige selfu huku ukitazama: betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, hapo kweli betri ndiyo mgonjwa.

2. Pima tena injini ikiunguruma. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na AC. Ikishikilia juu ya 13.5, altaneta iko sawa. Ikikaa kwenye 12 na kuendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti volti za altaneta imekufa na betri inachemshwa: maji yake yatapungua haraka, utasikia harufu ya mayai viza, na balbu zitaungua ovyo. Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji yenyewe ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usihukumu kabla ya kuwasha taa.

3. Usikubali betri ichomolewe injini ikiwaka. Wapo mafundi wanaofungua kichwa cha betri waone kama gari litazima. Walifunzwa hivyo na waliowatangulia, enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo barabara ya Kenyatta imejaa IST, Noah na Probox, na zote zinaongozwa na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti hupanda kwa kishindo, na kinachoungua ni daiodi za altaneta au hiyo kompyuta yenyewe, ambayo bei yake itakuumiza kuliko betri. Tena gari kutozima hakuthibitishi kwamba chaji inatosha. Sema kwa upole lakini usilegee: "Fundi, naomba tupime kwa mita."

4. Anza na vya bei nafuu. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye ukijani huzuia umeme kupita. Zima gari, fungua hasi kwanza, mimina maji ya moto yenye kijiko cha magadi, sugua kwa brashi, kausha, kisha funga hasi mwisho. Geukia mkanda wa altaneta: ukilia unapowasha gari asubuhi baada ya mvua, umelegea au umeisha. Halafu waya wa ethi. Injini ikiwaka na taa zimewashwa, pima kati ya hasi ya betri na chuma cha injini. Zaidi ya volti 0.2, waya huo unahitaji kusafishwa au kubadilishwa.

5. Isome taa ya betri. Ukifungua swichi lazima iwake, injini ikishika izime. Isipowaka kabisa ni kasoro pia, maana kwenye magari mengi altaneta huamshwa kupitia njia ya taa hiyo. Anayenunua gari mkononi aanze hapa.

6. Betri inakufa usiku? Kabla ya kuwasha asubuhi, gusa altaneta. Ikiwa na joto wakati injini ni baridi, daiodi inavujisha umeme. Isipokuwa na joto, shuku redio, alamu iliyofungwa kienyeji au taa ya buti.

7. Foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kusubiri kwa upande ule kumekwisha, lakini Kamanga bado watu wanapanga foleni. Zima taa unaposubiri: taa kubwa mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi. Betri ya NS60 ina ampea-saa 45. Saa mbili na nusu za taa, injini imezimwa, zinamaliza nusu.

8. Taa ya betri ikiwaka safarini, tuseme umeshapita Magu kuelekea Lamadi, tazama kwanza geji ya joto. Magari mengi huzungusha pampu ya maji kwa mkanda huohuo wa altaneta. Joto likipanda, simama mara moja. Lisipopanda, zima AC na redio, endelea hadi mji wa mbele bila kuzima injini. Ukiizima, gari la otomatiki halisukumwi likawaka.

9. Altaneta ikithibitika mbovu, uliza kwanza kama ni kaboni au regyuleta tu. Mara nyingi hubadilishwa bila kununua altaneta nzima. Betri iliyokwisha kabisa ichajiwe kwa chaja kwanza, isiachiwe altaneta. Betri chakavu mpelekee mnunuzi ikiwa nzima, asidi ikiwa ndani. Usiimwage mtaroni: mitaro ya mjini huingia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani, tunakovua sangara na dagaa.