ROSA HAKUZALIWA HIVYO

Kijana, chukua mfano huu. Umepanda meli Kemondo na sanduku lako la bati, asubuhi unashuka Mwanza kuanza shule ya bweni. Hakuna anayekujua. Ukisema unaitwa Jackie na baba ni bosi mjini, nani atabisha? (Labda senene ulizofungiwa na mama ndizo zitakuumbua!)

Rosa naye aliondoka kwao kwenda bweni. Ni mhusika mkuu wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Kwao ni Ukerewe, ziwa letu hilihili. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa vile kilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume.

Kwenye mitihani wengi huandika "Rosa ni malaya", basi. Hiyo ni sifa. Wewe jiulize: anatafuta nini, na anakimbia nini?

Anza nyumbani. Zakaria, baba yake, ni mlevi na binti zake anawachunga kwa fimbo. Akikuta barua ya mvulana kwa Rosa, anampiga vibaya sana. Tangu hapo Rosa anaogopa wavulana kama moto. Ona basi: ameogopeshwa, hajafundishwa. Nani alikaa naye akamweleza mimba inaingiaje, au mtu anakataaje bila aibu? Bwenini fimbo ya baba iko mbali, macho ya wenzake yako karibu. Anajiunda upya. Yule mwoga anatoweka, anakuja Rosa wa wanaume wengi. Wengine husema ni tamaa tu. Mimi naona na kisasi kimo, maana anafanya kilekile baba alichokataza.

Baadaye anataka kujiunda tena, awe mchumba mwaminifu. Safari hii anakataliwa. Charles anamwacha kwa kuwa si bikira. (Charles mwenyewe nani alimpima?) Rosa anajiua, na hapo ndipo ninapogombana na kitabu kila nikikisoma: hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Mwenzako bwenini akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mwite matroni usiku uleule.

Zoezi: Wewe ni Rosa, usiku wa kwanza bwenini. Mwandikie mama yako mistari kumi. Halafu andika mitano mingine, ile ambayo usingethubutu kuituma.