Shilingi ya Mwisho: Jinsi ya Kugawa Bajeti Ndogo Ikufae Zaidi

Wengi wenu mmetuuliza swali moja kwa njia tofauti: "Pesa ni kidogo, mahitaji ni mengi, nianze na gani?" Leo tunalijibu. Hatutakupa orodha ya vitu vya kununua, kwa sababu mahitaji yako unayajua wewe. Tutakupa kanuni moja ambayo unaweza kuitumia dukani, sokoni au kwenye kibanda cha chai.

Mfano wetu tumeutoa Salgaa, Kaunti ya Nakuru. Kama umewahi kupita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret usiku, unaijua: malori yamepangana kando ya barabara, vibanda vya chakula viko wazi, na lojing zimejaa. Madereva wanaotoka Mombasa na Nairobi kuelekea Malaba na Busia hupumzika hapo. Kila jioni, mtu mwenye mileage yake mfukoni anaamua ale nini, alale wapi na atume ngapi nyumbani. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

1. Chapati ya kwanza si sawa na ya nne

Tuseme dereva ameshuka na njaa kali. Chapati ni bob 20. Tumwombe aipe kila chapati alama kulingana na jinsi inavyomridhisha:

- Ya kwanza: alama 10
- Ya pili: alama 8
- Ya tatu: alama 5
- Ya nne: alama 2

Bei haijabadilika, chapati ni zile zile, lakini raha inapungua. Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliliandika jambo hili mwaka 1854 katika kitabu ambacho karibu hakuna aliyekinunua wakati huo. Leo wanafunzi wa uchumi dunia nzima wanasoma wazo lake. Mama wa kibanda hahitaji kitabu: anajua mteja wake akifika chapati ya nne anaanza kuuliza kama kuna chai.

Kwa hivyo swali "chapati ni nzuri au si nzuri?" halitusaidii. Swali ni: *hii moja zaidi itaniongezea nini?*

2. Gawanya alama kwa bei

Sasa tuongeze vitu vingine. Bei hizi ni za mfano tu:

- Sahani ya maharagwe, bob 50: ya kwanza alama 20, ya pili alama 5
- Kikombe cha chai, bob 20: cha kwanza alama 8, cha pili alama 3
- Robo kilo ya nyama choma, bob 200: alama 40

Ukitazama alama peke yake, nyama inashinda. Lakini nyama inakula bob 200. Hebu tuangalie kila bob 10 inaleta alama ngapi:

- Chapati ya kwanza: 5. Ya pili: 4. Ya tatu: 2.5. Ya nne: 1
- Maharagwe ya kwanza: 4. Ya pili: 1
- Chai ya kwanza: 4. Ya pili: 1.5
- Nyama: 2

Dereva wetu ana bob 200 za chakula. Akinunua nyama, anapata alama 40 na pesa zimeisha. Akichukua chapati tatu, maharagwe sahani moja na chai vikombe viwili, anatumia 60 + 50 + 40, yaani bob 150, na anapata alama 54. Ameshiba zaidi na bado ana bob 50 mkononi.

Ngoja kidogo, hatusemi nyama ni mbaya. Alama ni za mwenyewe. Kama wewe hujaonja nyama wiki nzima na unaipa alama 100, basi kila bob 10 inakuletea alama 5, na kuinunua si ubadhirifu. Hakuna mtu anayeweza kukupangia alama zako. Ila ukishazipanga, ziheshimu.

3. Hamisha mpaka kuhama kusisaidie

Sasa ile bob 50 iliyobaki aifanyie nini? Akiongeza sahani ya pili ya maharagwe anapata alama 5 tu. Tumbo limeshatosheka. Ni wakati wa kuangalia nje ya sahani.

Bajeti yake ya usiku mzima ni shilingi 1,000. Ndani yake kuna chakula, mahali pa kulala, kifurushi cha data, na pesa ya kutuma nyumbani. Kanuni tuliyowaahidi ni hii: *chukua bob 50 kutoka fungu moja, iweke kwenye fungu lingine. Ukiona umefaidika, hamisha. Endelea mpaka ufike mahali ambapo kuhamisha tena hakukuongezei kitu.* Hapo shilingi ya mwisho ya kila fungu inakufanyia kazi sawasawa, na bajeti yako imefika kilele.

Mgao wa dereva wetu unaweza kuwa hivi:

- Chakula: 150
- Kulala, iwe ni kitanda au maegesho yenye mlinzi: 350
- Data: 50
- Nyumbani: 450

Bob 50 iliyookolewa kwenye sahani imeenda nyumbani, ambako inaweza kuwa sukuma wiki ya jioni na nyanya mbili. Kwake ilikuwa alama 5. Kwa watoto ni mboga ya ugali.

4. Vitu ambavyo faida yake haionekani leo

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza, na Salgaa inatufundisha vizuri kuliko mahali pengine.

Nyama inanukia sasa hivi. Usingizi haunukii. Kwa hivyo mtu akitaka kubana matumizi, fungu la kwanza kukatwa ni la kulala: "Nitasukuma tu mpaka Eldoret, nilale huko." Ukiangalia karatasi, ameokoa shilingi 350. Lakini mbele yake kuna kipande cha Salgaa, Migaa na Sachangwan, ambacho kila dereva wa njia hiyo anakijua kwa ajali zake. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, watu 36 walipoteza maisha Migaa basi lilipogongana na lori. Hatusemi ajali hiyo ilisababishwa na uchovu. Tunasema hiyo si barabara ya kuendesha huku unasinzia. Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24.

Usingizi hupata alama ndogo kwa sababu tunaupima kwa raha ya leo jioni. Ukiupima kwa kesho asubuhi, kwa mzigo, kwa utingo aliye kando yako na kwa wale wanaokusubiri nyumbani, ndio ununuzi bora wa usiku huo. Na kama kabini yako ina kitanda kizuri na lori liko mahali salama, basi lojing inakuongezea kidogo tu, na pesa yake inaweza kuhama. Kinachotafutwa ni saa za kulala, si mlango wenye nambari.

Hata wewe usiyeendesha lori una "usingizi" wako: karo, dawa, bima, mbegu za msimu ujao. Ni vitu visivyopiga kelele leo.

5. Panga kabla ya kuona taa za kibanda

Ukisubiri kugawa pesa ukiwa na njaa, njaa ndiyo itakayogawa. Dereva anayepanga mafungu yake akiwa bado Gilgil anafika Salgaa akiwa ameshaamua.

Kuna ushahidi wa hapa kwetu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, wakauchapisha mwaka 2013. Watu walipewa sanduku la chuma lenye kufuli la kuweka akiba ya afya, na ufunguo walibaki nao wenyewe. Hakuna aliyewazuia kulifungua. Hata hivyo, akiba na matumizi yao ya afya yaliongezeka. Pesa ikishapewa jina na mahali pake, ni vigumu kuichota kwa sababu ya harufu ya nyama.

Simu yako inaweza kuwa hilo sanduku. Mileage au mauzo yakiingia, hamisha fungu la akiba na la nyumbani kwanza, halafu kinachobaki ndicho cha jioni.

6. Usisahau bei ya kufikia pesa yako

Ada nayo ni sehemu ya bei. Tuseme kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kunakatwa ada ya 29. Ukitoa 200 mara tatu kwa jioni moja, umelipa 87. Ukitoa 600 mara moja, umelipa 29. Tofauti ni 58: hiyo ni sahani nzima ya maharagwe na chenji. Na pale kibanda kinapokuwa na nambari ya till, lipa moja kwa moja. Usipotoa pesa taslimu, hakuna ada ya kutoa. Daima angalia jedwali la ada za sasa kabla ya kubonyeza.

Ila kuna tahadhari: kama ukiwa na 600 mfukoni utazimaliza zote, ile ada ya ziada huenda ikawa nafuu. Wewe unajijua.

Zoezi la jioni hii

1. Andika bajeti yako ya leo na mafungu yake.
2. Kwa kila fungu, jiulize: bob 50 ya mwisho imeniletea nini?
3. Tafuta fungu lenye bob 50 dhaifu na lile ambalo bob 50 zaidi ingefanya kazi kubwa. Hamisha.
4. Rudia kesho. Alama hubadilika: mwisho wa mwezi si sawa na siku ya mshahara.

Bajeti ndogo haiongezeki kwa kupangwa, lakini kazi inayofanya inaongezeka. Tunawatakia jioni njema, na kwa walio barabarani, safari salama.