Kisasili Si Fumbo: Schelling na Masimulizi ya Asili ya Kifo Mtaani Huruma, Eldoret

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokabidhiwa kisasili katika karatasi ya mtihani, aghalabu huulizwa swali moja: kinafunza nini? Makala hii inadhamiria kulihoji swali hilo kwa kurejelea falsafa ya visasili ya F. W. J. Schelling (1775–1854), mmoja wa wanafalsafa wakuu wa udhanifu wa Kijerumani.

Schelling aliitwa Berlin mwaka 1841, miaka kumi baada ya kifo cha Hegel. Miongoni mwa waliofika kumsikiliza walikuwemo Kierkegaard na Engels. Wataalamu waliomtangulia waliviona visasili ama kama ubunifu wa washairi, ama kama istiara iliyoficha elimu ya maumbile au ya maadili. Schelling alizikataa rai zote mbili. Kwake, kisasili ni tautegoria, neno aliloliazima kwa Coleridge. Yaani, kisasili humaanisha kile kile kinachokisema, wala hakisimamii kitu kingine. Hakuna aliyeketi akakitunga. Kiliijia fahamu ya binadamu kwa lazima.

Mtaa wa Huruma unafaa kwa kulipima dai hili, kwani humo Wanandi, Wabukusu na wengine wengi wanaishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wanandi husimulia kwamba hapo kale mbwa aliwaendea watu akawaambia kuwa watakufa kama mwezi, lakini hawatarudi kama urudivyo mwezi, ila wakimpa maziwa katika kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Watu wakacheka, wakammiminia juu ya kigoda alambe. Mbwa akaudhika, akatamka kwamba watu watakufa na mwezi pekee ndio utakaorudi. Kwa Wabukusu, mgeni ni kinyonga: alimwomba chakula mtu aliyekuwa akila jioni, akafukuzwa, akalaani. Nyoka naye alipewa chakula, ndiyo maana hujivua ngozi akaendelea kuishi.

Jibu la mtihani linajitokeza lenyewe: tuwe wakarimu. Jina la mtaa nalo laelekea kumsaidia mwalimu! Hata hivyo, ukarimu ungeweza kufunzwa pasipo mbwa wala mwezi. Katika kisasili cha Wanandi, mbwa hakunyimwa kinywaji; alinyimwa chombo. Sharti la kurudi baada ya kufa lilikuwa kunywa pamoja na mnyama katika kibuyu kimoja, na watu waliona heri kuulinda mpaka baina yao na mnyama. Kicheko chao ndicho kilichowafanya binadamu, na kicheko hicho hicho ndicho kilichowaua. Msomaji atauliza iwapo huku nako si kufasiri. Ni kufasiri, naam, lakini ni kufasiri kusikomtupa mbwa nje ya kisa mara tu funzo lipatikanapo.

Kuna dai la pili la Schelling ambalo ni gumu kulikubali. Alishikilia kwamba taifa halitangulii visasili vyake. Hupata kuwa taifa pamoja navyo. Mifano yake mikuu ilitoka Ugiriki, Misri na Uhindi. Huruma inamkanusha. Kinandi ni lugha ya Kiniloti na Kibukusu ni ya Kibantu, ilhali masimulizi yote mawili yana kiunzi kimoja: mgeni mnyama, ombo la chakula au kinywaji, dharau, laana. Kisasili kimevuka mipaka ya makabila bila kuomba ruhusa. Aidha, wazo la kila kabila kufungiwa ndani ya visasili vyake si la kuchezewa katika mji ulioshuhudia majirani wakitenganishwa kwa ukabila mwanzoni mwa mwaka 2008.

Basi Schelling wa tautegoria na abaki darasani, na huyo wa taifa asomwe kwa tahadhari. Nalo swali la mtihani lingeweza kuandikwa upya: kwa nini mbwa, na kwa nini kibuyu?